Korongo lililopotea ndani ya faili

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nimezama katika kazi ndogo niliyodhani ingenichukua jioni moja, nayo ikanila karibu mwezi mzima. Leo nimepata nafasi, basi chukueni kikombe cha chai niwasimulie.

Ilianza kwa simu. Mzee mmoja jirani ya wazazi wangu, mhandisi wa barabara aliyestaafu zamani, alinipigia na kuniuliza kama ninaweza kufungua mafaili ya AutoCAD ya mwaka 2004. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kazi ya dakika tano." Ndugu msomaji, ukisikia mtu wa programu akisema dakika tano, usiweke maji jikoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2004 Mzee alichora barabara ya changarawe, kama mita 900 hivi, kwa ajili ya kikundi cha akina mama walionunua shamba kwenye miteremko ya Taita na kugawana viwanja. Barabara ikajengwa, watu wakahamia, maisha yakaendelea. Kisha zikaja zile mvua za mwisho wa 2023, na baada yake zile za masika ya 2024, ambazo hakuna Mkenya asiyezikumbuka. Maji yaliyotoka kwenye kalavati la barabara hiyo yakachimba shamba la jirani wa upande wa chini, yakambebea mahindi, na yakabakiza shimo unaloweza kumficha ng'ombe. Jirani akasema barabara ndiyo iliyomletea maji. Kikundi kikasema maji yalipita hapo tangu enzi za mababu. Wazee wa kijiji wakaitwa kusuluhisha, nao wakauliza swali la busara: kabla ya barabara, ardhi ilikaaje?

Mtu pekee aliyekuwa na jibu ni Mzee, kwa sababu kabla ya kuchora chochote alimtuma mpimaji kupima ardhi yote ilivyokuwa. Karatasi alizowapa akina mama zilikuwa na viwanja na barabara tu. Ardhi ya asili ilikuwa ndani ya mafaili. Na jina lililokuwa likisemwa vibaya pale kijijini lilikuwa lake.

Akaniletea diski mweko yenye folda moja. Ndani yake kulikuwa na faili la mchoro lenye ncha ya dwg, pamoja na rundo la folda ndogo zenye majina mafupi: align, cogo, dtm, survey na nyinginezo. Nikafungua mchoro kwa programu ya kisasa. Viwanja nikaviona, barabara nikaiona, maandishi nikayaona. Lakini nukta za mpimaji zilionekana kama vivuli. Ukibofya moja, unaambiwa kwamba kitu hiki kilitengenezwa na programu nyingine ambayo haipo kwenye tarakilishi yako. Na kontua, ile mistari inayoonyesha mwinuko, hazikuwepo kabisa. Nikampigia Mzee. Akacheka. "Nilizifuta, kijana. Faili lilikuwa haliingii kwenye disketi. Nikizihitaji naitengeneza upya kutoka kwenye mradi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na AutoCAD mkononi. Nilikuwa na Land Desktop.

Kwa wale wasioijua, ngoja nieleze kidogo. AutoCAD yenyewe ilianza mwaka 1982, na kazi yake ni kuchora: mstari, duara, maandishi. Haijui mlima wala mto. Wahandisi wa barabara walihitaji kitu kinachoelewa mteremko, kona na ujazo wa udongo, na huko Henniker, New Hampshire, Marekani, kampuni ya DCA ikaanza kuandika programu za kuongezwa juu ya AutoCAD. Baadaye kampuni hiyo ikaitwa Softdesk, na mwaka 1997 Autodesk, wenye AutoCAD, wakainunua. Wapenzi wa historia watafurahi kujua kwamba mamlaka ya ushindani ya Marekani iliweka sharti katika ununuzi huo: ile programu ya Softdesk iliyokuwa ikitengenezwa kushindana na AutoCAD isiingie mikononi mwa Autodesk. Programu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa IntelliCAD. Zile za ardhi na barabara nazo zikazaa Land Development Desktop, ambayo baadaye iliitwa Land Desktop tu. Katikati ya miaka ya 2000 Autodesk wakaleta Civil 3D, iliyojengwa kwa mtazamo mwingine kabisa, na toleo la 2009 likawa la mwisho la Land Desktop.

Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ndiyo iliyonipa shida. Katika Civil 3D sehemu kubwa ya kazi hukaa ndani ya mchoro wenyewe. Katika Land Desktop mchoro ni kama dirisha tu, na nyumba iko kwenye folda ya mradi. Nukta za mpimaji ziko kwenye hifadhidata ya Access iitwayo points.mdb, ndani ya folda ya cogo. Umbo la ardhi liko kwenye dtm. Mstari wa katikati ya barabara uko kwenye align. Ndiyo maana ofisi nyingi zilizotunza mafaili ya dwg peke yake zilikuwa zikitunza madirisha huku zikitupa nyumba. Mzee, kwa bahati nzuri, alitunza yote.

Nikaanza na lililo rahisi. Kwenye Linux kuna kifurushi huria kiitwacho mdbtools kinachosoma hifadhidata za Access bila kuhitaji Access yenyewe. Amri moja tu, na nukta zote za mpimaji zikamwagika kwenye faili la maandishi, zaidi ya elfu moja: namba, kaskazini, mashariki, mwinuko, maelezo. Nilifurahi kama mtoto. Lakini mafaili ya umbo la ardhi yalikuwa baiti tupu zisizosomeka kwa macho, na sikupata maelezo ya mpangilio wake. Nikajiambia, si neno. Umbo la ardhi ni pembetatu zinazounganisha nukta, na kanuni ya kuziunganisha inajulikana tangu Boris Delaunay alipoiandika mwaka 1934. Python inaifanya kwa mistari michache. Kwa nini nihangaike na baiti za watu wakati nina nukta zenyewe?

Usiku huohuo nikaunganisha pembetatu, nikachora kontua, nikaweka barabara juu yake. Nilipoleta picha ya setilaiti chini yake, kila kitu kikakaa kama mita 300 kaskazini ya mahali pake na mita 90 hivi magharibi. Hilo halikunitisha. Upimaji mwingi wa Kenya na Tanzania umefanywa kwa mfumo wa Arc 1960, na ukiusoma kana kwamba ni WGS84 wa GPS, hizo ndizo hatua utakazopotea. Nikaiambia QGIS ukweli kuhusu mfumo, na barabara ikaingia mahali pake sawasawa.

Kisha nikaiuliza programu: maji yakianguka juu ya mlima huu, yataelekea wapi? Jibu likaja safi. Maji yaliteremka kwa mapana na kukusanyika kwenye mita ya 420 kutoka mwanzo wa barabara, palepale lilipo kalavati. Yaani hata kabla ya barabara, maji yalikuwa yakielekea shamba la jirani. Mzee hakuwa na kosa.

Nikampigia simu saa tatu za usiku. Siku ya pili alikuwa sebuleni kwangu, miwani puani, akiangalia skrini. Nikamwonyesha mishale ya maji, rangi nzuri, kila kitu. Nilitarajia tabasamu. Mzee akanyamaza. Akaomba nisogeze picha juu kidogo, kisha chini. Akaweka kidole karibu na mita ya 340.

"Kijana, korongo langu liko wapi?"

"Korongo gani, Mzee?"

"Hapa palikuwa na korongo. Jembamba, unaliruka ukikimbia. Hii ardhi unayonionyesha si yangu."

Nikaanza kumweleza habari za Delaunay. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaomba karatasi. Akachora mistari miwili iliyokaribiana, ndiyo kingo za korongo, na nukta chache katikati, ndiyo sakafu yake. "Mpimaji alipanda akipiga ukingo huu, sakafu, ukingo ule, kwa kupishana. Hatua kwa hatua ni mita 15. Upana wa korongo ni mita tatu. Sasa niambie, hiyo kanuni yako itaunganisha nini na nini?"

Wasomaji, nilisikia joto masikioni. Kanuni ya Delaunay inapendelea pembetatu nene, inakwepa zile nyembamba kama sindano. Ukingo kwa ukingo ni mita tatu, na sakafu hadi sakafu inayofuata ni mita 15 au zaidi. Kwa hiyo kanuni inaruka kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya korongo, na kila inaporuka inajenga bwawa la uongo. Korongo langu lilikuwa limezibwa mara kumi na kitu. Maji yalipofika kwenye mabwawa hayo yalifurika pembeni, yakashuka kwa mapana hadi mita ya 420. Nukta zilikuwa za kweli zote. Ardhi niliyoijenga juu yake ilikuwa ya uongo.

Dawa ya tatizo hilo wahandisi waliijua zamani. Mhandisi anachora mstari kwenye ukingo na kwenye sakafu ya korongo, kisha anaiamuru programu: pembetatu yoyote isivuke mstari huu. Mzee aliichora mistari hiyo mwenyewe mwaka 2004, akiwa na daftari la mpimaji pembeni. Kwenye hifadhidata nukta zote zilikuwa na maelezo mamoja tu, herufi mbili zenye maana ya usawa wa ardhi, kwa hiyo nisingeweza kujua ipi ni ukingo na ipi ni sakafu. Daftari lilishaliwa na mchwa. Na mistari yenyewe, kwa utaratibu wa Land Desktop, ukishaikabidhi kwa umbo la ardhi inatunzwa kwenye folda ya mradi. Mzee alikuwa ameifuta kwenye mchoro kwa sababu ileile ya disketi. Ilikuwa ndani ya zile baiti nilizozidharau.

Nataka mlione jambo moja hapa. Picha yangu ilikuwa inamsafisha Mzee. Angeweza kunyamaza tu, anishukuru, aipeleke kwa wazee wa kijiji ikiwa na rangi zake nzuri, na hakuna mtu duniani ambaye angempinga. Mimi mwenyewe ningeapa kwamba ni sahihi. Nikamuuliza kwa upole kama ana hakika kuhusu korongo, maana miaka 20 ni mingi. Akavua miwani. "Nililichora kwa mkono wangu. Turudi kwenye mashine."

Mashine ilikuwa stoo kwake, chini ya gunia la mbegu: tarakilishi ya zamani yenye Windows XP na Land Desktop 2004, leseni yake halali, haijaguswa kwa zaidi ya miaka kumi. Tukaipuliza vumbi. Kabla ya kuiwasha nilibadilisha betri ya saa, ile ya mviringo ya CR2032 inayopatikana duka lolote la saa, maana programu za leseni hazipendi kuona tarehe imerudi nyuma. Nikanakili diski yote kwanza, kwa waya wa kuunganisha diski za zamani na tarakilishi yangu, endapo ingekufa mikononi mwetu. Kisha nikaweka saa sawa, na tukaomba Mungu.

Ikawaka. Ilichukua dakika sita kufika mahali pa kubofya. Mzee akakaa kwenye kiti, na hapo nikamwona mtu mwingine kabisa. Yule mzee anayeandika ujumbe wa simu kwa kidole kimoja alikuwa akiita amri kwa mkono wa kushoto, kipanya mkono wa kulia, bila kutazama kibodi. Akafungua mradi. Akaenda kwenye menyu ya ardhi, akachagua umbo, akaamuru kontua. Na pale kwenye mita ya 340, kontua zote zikainama kuelekea mlimani, moja baada ya nyingine, mfano wa herufi V. Korongo.

Tukaliondoa umbo hilo kwa mpangilio wa LandXML. Huu ni mpangilio wa maandishi wazi, toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka 2002, na unatunza pembetatu zenyewe: orodha ya nukta, kisha orodha ya nyuso zinazosema nukta ipi imeshikana na ipi. Jihadharini tu, kila nukta inaandikwa kaskazini kwanza, mashariki baadaye. Mimi niligeuza, na mlima ukalala ubavu.

Nikauliza tena swali la maji. Safari hii yakashuka kwenye korongo, yakavuka mahali pa barabara kwenye mita ya 340, yakaendelea chini kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, mbali na shamba la jirani. Kisha nikaweka barabara juu yake. Mtaro wa upande wa mlima ukayakamata maji ya korongo, ukayabeba mita 80, ukayatoa kwenye kalavati la mita ya 420. Jirani alikuwa anasema kweli.

Nilikuwa naona haya kumtazama Mzee. Yeye ndiye aliyesema. "Pesa za akina mama zilitosha kalavati moja. Mahali pa chini kabisa pa barabara ni hapo kwenye 420, kalavati lilikuwa lazima liwe hapo. Nikasema korongo ni kavu miezi kumi kwa mwaka, mtaro utatosha. Na kule chini wakati ule kulikuwa kichaka, hakuna aliyelima." Akanyamaza kidogo. "Sikuwaambia akina mama. Hilo ndilo kosa. Si kalavati, ni kutowaambia."

Alikwenda kwa wazee wa kijiji na karatasi mbili nilizomchapia, ardhi bila barabara na ardhi yenye barabara, akaeleza yote hayo mbele ya jirani na mbele ya kikundi. Sikuwepo, lakini aliniambia kwamba kelele zilikuwa chache kuliko alivyoogopa. Walikubaliana kikundi kinunue saruji na mawe, jirani atoe vijana wake kwa siku kadhaa, na Mzee achore na kusimamia bure kalavati jipya kwenye mita ya 340 ili korongo lirudishiwe maji yake. Ameanza kuchora. Kwa Land Desktop, bila shaka.

Nami nimebaki na mafunzo ya kazi, hasa kwenu mnaotunza mafaili ya ofisi za uhandisi na upimaji. Kwanza, usitunze dwg peke yake. Tunza folda yote ya mradi, hata vile vifaili usivyovielewa. Pili, kama bado una mashine inayofungua miradi hiyo, fanya kazi leo, kabla diski haijakwama: toa kila umbo la ardhi kwa LandXML, toa nukta kwa maandishi ya kawaida, na uandike kwenye faili la kando mfumo wa vipimo uliotumika. Tatu, toa kontua na mistari ya kingo kama mistari ya kawaida, halafu chapisha karatasi moja. Karatasi haihitaji leseni. Mchwa ni suala jingine.

La nne ni langu binafsi. Nilipopata zile nukta nilidhani nimeupata ukweli, na yaliyobaki ni hesabu tu ambayo Python inaiweza. Kumbe mradi ule ulikuwa na vitu viwili, vipimo vya mpimaji na maamuzi ya mhandisi kuhusu vipimo hivyo, na hayo ya pili yalikuwa kwenye faili nisiloweza kulisoma. Badala ya kukiri kwamba siwezi kulisoma, nililiita takataka. Tangu siku hiyo, nikihamisha data ya mteja kutoka mfumo wa zamani, namtafuta kwanza mtu aliyeutumia, namketisha mbele ya matokeo, na namuuliza kama anaona kitu kilichopotea.

Mzee ameniomba nimwekee ile Windows XP yake ndani ya mashine pepe kwenye tarakilishi mpya, maana ile ya stoo imeanza kunguruma. Leseni ni yake, nakala ya diski ninayo, kwa hiyo wikendi hii nitajaribu. Nimemwambia itachukua dakika tano.

Tuonane wakati mwingine, Mungu akijalia.